Breki ya Muuza Samaki

Kila siku baada ya shule Koultoum alivua viatu mlangoni, akala alichowekewa, akajifunga kanga kuukuu kiunoni, kisha akatoka barazani kufunga nyaya za breki. Baraza hiyo, mtaani Tanambao mjini Mahajanga, ndiyo iliyokuwa karakana ya mjomba wake, Fundi Mroivili. Baiskeli nyingine zilitundikwa ukutani, nyingine zilipinduliwa chini magurudumu juu, na katikati yake fundi alikaa juu ya kigoda akigombana na parafujo zilizoshika kutu.

Koultoum alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, Sitti, alibaki kisiwani Nosy Be, kijijini Ambatoloaka, akisuka mikeka pamoja na nyanya yake Koultoum. Yeye aliletwa kwa mjomba apate kusoma. Ndani ya nyumba walisema Kikomoro, barabarani Kimalagasi, darasani Kifaransa. Kazi ya nyaya haikuhitaji lugha yoyote. Ilihitaji vidole, na vidole vya Koultoum vilikuwa vyepesi, vimezoea kusuka tangu utotoni.

Zamani nyaya za breki zilishikizwa kwenye fremu kwa vibano vya bati vilivyotoka Ufaransa. Tangu nchi ijitawale, mwaka wa pili sasa, vibano hivyo vilikuwa vimeadimika madukani. Watu walifunga nyaya kwa chochote walichookota: kamba za viatu, matambara, hata mishipi ya kuvulia yenye chambo kilichokauka. Fundi Mroivili alipoona baiskeli ya namna hiyo aligeuka pembeni akatema mate.

"Waya unaoning'inia ni mtego," alikuwa akisema. "Umemtegea nani? Umejitegea mwenyewe."

Yeye alitumia rafia, nyuzi za majani ya mwale, na alikuwa na utaratibu wake. Kwanza fremu isuguliwe kwa mafuta ya taa mpaka rangi ionekane. Kisha waya, ukiwa ndani ya ganda lake, ulazwe umenyooka chini ya bomba la juu. Kisha ufungwe kwa rafia kavu iliyopakwa nta ya nyuki, fundo likae upande wa chini lisije likakwaruza paja. Karibu na usukani waya uachiwe nafasi kidogo, ili usukani ukigeuzwa usivutwe. Koultoum aliyajua haya yote kama alivyoijua sura ya Alhamdu.

Kasoro yake ilikuwa moja: kinyaa. Nzi akitua kwenye wali, Koultoum hali tena. Kikombe alichonywea mwingine alikisuuza, akakinusa, akakisuuza tena. Mke wa mjomba, Mama Chamsia, alimcheka. "Wewe ulizaliwa ndani ya sabuni," alimwambia. Koultoum alicheka pia, lakini kinyaa hakikutoka.

Siku moja alasiri, sauti ilisikika toka mwisho wa mtaa ikinadi kitoweo kwa Kimalagasi: "Laoko! Laoko e!" Hakuna mtu Tanambao asiyeijua. Alikuwa Fazul, muuza samaki, na hata angenyamaza watu wangejua anakuja, maana harufu ilimtangulia.

"Fundi, nimekuletea mgonjwa wangu," alisema Fazul akishuka. "Waya wa nyuma umelegea. Unanichapa goti kama mwalimu wa chuoni."

"Na wa mbele?"

"Wa mbele niliung'oa zamani, ulizuia tenga. Ninayo breki moja tu, Fundi, na Mungu."

"Mungu usimpe kazi ya waya," alisema Mroivili.

Koultoum aliitazama baiskeli ile. Tenga moja lilikuwa mbele, jingine nyuma, na kwa miaka mingi maji ya samaki yalikuwa yakichuruzika juu ya fremu. Yaliganda, yakachuruzika tena juu ya yale yaliyoganda. Rangi ya baiskeli haikujulikana. Bomba la juu lilikuwa limevaa utando mzito, mweusi, wenye kuteleza, uliojaa magamba na vumbi. Penye kona ya fremu palikuwa na kitu cheupe kinachocheza. Alisogeza uso karibu. Walikuwa funza.

"Osha kwanza," mjomba alimwambia. "Yote, mpaka chuma. Mafuta ya taa yamo koponi. Mimi nawahi mazishi Mahabibo. Nitarudi kabla ya magharibi."

Akaenda. Fazul naye akajinyoosha kivulini, akalala.

Koultoum alichukua tambara, akalichovya kwenye mafuta ya taa, akasugua mara moja. Utando ulivutika kama kamasi. Tambara lilibaki na kipande cha utumbo wa samaki na mguu wa kaa. Akalitupa, akakimbilia ukutani, akainama huku mate yamemjaa mdomoni. Alikaa hapo kitambo. Angeweza kumwita Mama Chamsia, aliyekuwa jikoni akikuna nazi. Angeweza kumwamsha Fazul amwambie, osha uchafu wako mwenyewe. Hakufanya hata moja. Aliona aibu kusema kwamba mpwa wa fundi ameshindwa na maji ya samaki.

Ndipo alipopata wazo, na wazo lenyewe lilimfurahisha. Ndani alikuwa na fungu la rafia za rangi alizoletewa na mama yake kutoka Nosy Be. Alizilowesha majini, kama wanavyofanya wasukaji wote ili ukindu usikatike, akaanza kusuka juu ya fremu ile ile chafu. Alisuka ala nzima ya rafia, nyekundu, kijani na nyeupe, rangi za bendera mpya, ikalifunika bomba la juu kutoka usukani hadi kwenye kiti, pamoja na waya wa breki. Vidole vyake havikugusa uchafu ila kwa ncha tu. Alipomaliza, utando haukuonekana tena, wala waya, wala funza.

Fazul aliamka, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Lahaula! Baiskeli yangu imekuwa bibi harusi!"

Mroivili alirudi wakati Fazul anaketi kitini. Alivuta mkono wa breki, breki ikauma gurudumu. Akapitisha kidole juu ya ususi.

"Umeiosha?"

"Nimeiosha, Mjomba."

"Mbona bado inanuka?"

"Ni matenga, Mjomba."

"Hayo kweli," alisema Mroivili, akaguna kidogo. Alitoka mazishini, alikuwa amechoka, na kazi ilipendeza macho. Fazul akaondoka akipiga kengele bila sababu, ili watu wamwone.

Kesho yake darasani mwalimu alikuwa akiandika ubaoni, na Koultoum akinakili, mara mkono wake ukasimama. Alikuwa amemkumbuka nyanya yake kule Ambatoloaka. Mkeka hausukwi mara moja ukaisha. Husukwa ukiwa na maji, ukikauka ukindu hunywea, ususi unalegea, na nyanya huurudia na kuukaza safu kwa safu. Ususi uliolegea kwenye mkeka ni kazi ya mchana mmoja. Ususi uliolegea kwenye baiskeli, tena juu ya utando unaoteleza, ungeteleza na waya wake. Waya ungening'inia. Ndiyo maana mjomba alifunga kwa rafia kavu yenye nta. Koultoum alikuwa akiambiwa kila siku, na kila siku aliitikia.

"Atapita jioni," alijisemea. "Nitamwambia asimame kidogo, nitaikaza." Hata wakati huo hakuwa amefikiria kusema ukweli. Alifikiria tu jinsi ya kuufunika tena.

Kengele ya adhuhuri ilipolia, alirudi nyumbani mbio. Mjomba alikuwa kigodani, akijaza mpira upepo kwa pampu.

"Baba Fazul hajapita?"

"Amepita sasa hivi, ameelekea Amborovy kuchukua samaki. Na Oumouri yuko naye."

Koultoum alishika nguzo ya baraza. Oumouri alikuwa mtoto wa mjomba, mwenye miaka mitano, ambaye kutwa alikimbia uani amenyoosha mikono akinguruma kama ndege.

"Alilia sana anataka kuona ndege ikitua kwenye uwanja wa kule," mjomba aliendelea. "Nikamwambia Fazul, mpandishe mbele yako, akae juu ya ususi wa dada yake. Breki mpya, mteremko wa pwani si kitu."

Koultoum aliuona mteremko ule, mrefu, wenye changarawe, na chini yake njia ya mikokoteni ya ng'ombe. Aliona miguu mifupi ya Oumouri ikining'inia kando ya fremu, karibu na waya.

"Mjomba, sikuiosha."

Pampu ilisimama.

"Unasemaje?"

"Baiskeli. Sikuiosha. Nilisuka juu ya uchafu. Nilisema uongo."

"Rafia ilikuwa kavu?"

"Nililowesha."

"Nta?"

"Sikupaka."

Mroivili hakupiga kelele wala hakuinua mkono. Alichukua baiskeli ya mteja iliyokuwa karibu, akairusha barabarani, akasema neno moja tu: "Panda." Koultoum akaruka kwenye keria, wakaenda.

Njia ya Amborovy haikuwa fupi, na mjomba aliiendesha kama mtu anayekimbizwa na moto. Koultoum aliuona mgongo wake umelowa jasho, na alitamani atukanwe, kwa maana matusi yangekuwa mepesi kuliko ukimya ule.

Walipofika juu ya mteremko, waliona kundi la watu kule chini. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa umesimama katikati ya njia, na mwenye ng'ombe ameshika kichwa. Watu walikuwa wamezunguka ukingo wa dimbwi ambalo wavuvi walitupia matumbo ya samaki. Jua lilikuwa limelipika. Dimbwi lilikuwa jeusi, zito, lenye povu, na nzi walilifunika kama blanketi.

Katikati ya dimbwi alikaa Oumouri, akizama kidogo kidogo, kidevu kimepasuka, damu ikishuka mpaka kitovuni. Fazul alikuwa nyuma yake, amelala ubavu, anajaribu kuinuka na mguu unakataa. Watu ukingoni walikuwa wakiita kamba. Mmoja alikuwa akiita ngazi. Wote walikuwa wameziba pua.

Koultoum hakungoja baiskeli isimame. Aliruka, akaingia. Matope yalimfika mapajani, ya moto, yanateleza, na kitu laini kilijizungusha kwenye vidole vya mguu wake. Hakukitazama. Alimfikia mtoto, akamkumbatia kifuani, uso kwa uso, damu na matumbo ya samaki vyote pamoja, akarudi naye akivuta hatua moja moja. Mjomba alimpokea Oumouri mikononi, kisha akaingia mwenyewe kumtoa Fazul.

Koultoum alipotoka kabisa, ndipo alipotapika.

"Waya ulishuka njiani," Fazul alisema akihema, huku utumbo wa samaki umemlalia begani. "Ukawa kitanzi. Mtoto akaingiza mguu, akatikisa, ukachomoka. Mimi navuta breki, navuta, mkono unakuja wote, baiskeli haina habari! Mbele naona ng'ombe, pembe hizi hapa. Nikasema bora uvundo." Akatema. "Fundi, nimebeba samaki miaka yote, lakini leo ndipo nilipojua harufu yao."

Hospitalini mganga aliyewapokea alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati. "Mtoto huyu mmemtoa wapi? Tumboni mwa papa?" Hata hivyo alimwosha, akamshona kidevu, akamfunga bandeji. Oumouri alilia kwa nguvu sana, na Mroivili akashukuru kilio kile, kwa kuwa anayelia hivyo yu hai. Mguu wa Fazul ulikuwa umeteguka, haukuvunjika.

Nyumbani, kazi ngumu zaidi ilimngoja Koultoum. Mama Chamsia alimpokea mwanawe, akamtazama kidevu, akamtazama Koultoum aliyesimama ukumbini akichuruzika maji meusi.

"Mama," alisema Koultoum, "ni mimi. Nilisema nimeosha, sikuosha. Nilifunika. Nilikuwa na kinyaa."

"Mimi nilikuwa jikoni," alisema Mama Chamsia. "Hatua chache tu. Ungeniita ungesema, Mama, uchafu huu siuwezi, ningekuja na jivu na kifuu, ningeuosha mimi. Ningekucheka, ndiyo. Kucheka kungekuua?" Akamwekea ndoo ya maji, akaingia ndani na mtoto. Jioni alimpakulia chakula kama siku zote, lakini hakumtania, na Koultoum alikula bila kuinua macho.

Asubuhi ya pili haikuwa na shule. Baiskeli ya Fazul ililetwa barazani kwa mkokoteni, nayo sasa ilikuwa imevaa uchafu wa zamani na uchafu wa dimbwi. Jirani mmoja alifunga dirisha lake kwa kishindo. Fazul alikuja akichechemea na fimbo, akaketi upande upepo unakotoka.

"Nisaidie?" mjomba aliuliza.

"Mwanzo naweza, Mjomba. Nikishindwa nitasema."

Alikata ususi wake kwa kisu. Chini yake utando ulikuwa umeoza na kuvimba, na funza walikuwa wamenenepa katika unyevu wa rafia. Ususi ule mzuri ulikuwa umewapa nyumba. Koultoum alishika pumzi, akakwangua kwa kipande cha bati. Aliosha kwa mafuta ya taa, akasugua kwa mchanga, akaosha kwa sabuni, akarudia mafuta ya taa. Mara mbili alisimama kando akahema, na hakuna aliyemcheka. Mahali pamoja, kwenye ungio la fremu, kucha zake hazikufika.

"Hapa siwezi, Mjomba."

Mroivili akachukua msumari, akapachokonoa yeye, naye akakunja uso. Kazi ilipofika kwenye chuma, waliona kitu kingine. Ganda la waya lilikuwa limeliwa na chumvi, na ndani yake waya ulikuwa umekatika nyuzi kadhaa.

"Unaona?" alisema Mroivili. "Hata kama usingeshuka, ungekatika. Uchafu ulikuwa umeficha ugonjwa, wewe ukauficha uchafu. Na mimi," akaongeza akimgeukia Fazul, "niliitazama kwa macho ya mtu aliyechoka. Nilisikia harufu, nikakubali jibu rahisi. Sikuchungulia chini. Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimeshakusamehe," alisema Fazul. "Samaki ndio wana kinyongo."

Mroivili alitia waya mpya na ganda jipya, na breki ya mbele pia, akalisogeza tenga mahali lisipoizuia. Koultoum akalaza ganda la waya wa nyuma chini ya bomba la juu, limenyooka, akafunga kwa rafia kavu yenye nta, mafundo madogo yaliyobana, yote yakitazama chini. Alivuta kila fundo kwa kidole. Aligeuza usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto, akitazama kama waya unavutwa. Haukuvutwa. Bomba lilikuwa la bluu. Fazul mwenyewe hakuwa akiijua rangi hiyo.

"Oumouri, njoo upande na Baba Fazul!" mjomba aliita kwa mzaha.

Oumouri alitoa kichwa mlangoni, bandeji kidevuni. "Mimi sipandi hiyo," alisema, akajificha.

Koultoum aliutazama mlango. Hakuna sabuni ya kuosha jambo kama hilo.

"Mtoto ana akili," alisema Fazul. "Basi mguu ukipona, aliyefunga ndiye atakayepanda."

Akafanya alivyosema. Mguu ulipopona alimpitia Koultoum, akamketisha kwenye keria kando ya tenga, wakaenda Amborovy. Juu ya mteremko Koultoum alitaka kufumba macho, akaona si haki, akayaacha wazi. Baiskeli ikashuka. Changarawe zikaruka, upepo ukamjaa masikioni, dimbwi likawa linakuja. Fazul akavuta breki. Raba zikashika rimu, gurudumu likalia, mwendo ukapungua mpaka wakawa wanakwenda kwa mwendo wa miguu, na wakasimama hatua chache kabla ya povu na nzi wake.

"Hewa nzuri, eh?" alisema Fazul. Koultoum aliziba pua, akacheka na kulia pamoja.

Waliporudi, Mroivili alimketisha mpwa wake kigodani mwake, yeye akachuchumaa mbele yake.

"Nisikilize, mwanangu. Kuona kinyaa si dhambi. Mimi baiskeli ya Fazul ilinitia kichefuchefu tangu siku ya kwanza. Kinyaa kinakuonyesha mahali pa kuosha. Hakikupi ruhusa ya kufunika. Kazi ikikushinda, sema imekushinda, kuna watu wa kukusaidia. Lakini ukisema umeosha nawe hukuosha, mtu mwingine ataipandia kauli yako na kushuka nayo mteremko, tena na mtoto mbele. Unadhifu tunaotaka ni ule ulioanzia chini kwenye chuma. Huu wa juu tu, mimi sina haja nao."

"Nimesikia, Mjomba."

"Umesikia siku nyingi. Leo umeelewa?"

"Nimeelewa."

Mteja aliyefuata alikuwa mchuna ngozi wa machinjioni. Fremu ya baiskeli yake ilikuwa na damu iliyoganda, manyoya na mafuta ya ng'ombe, na waya wa breki ulikuwa umezama humo humo. Koultoum aliizunguka akiitazama toka kila upande.

"Mjomba, hii inachukiza."

"Inachukiza kweli kweli," alisema Mroivili.

"Nipe mafuta ya taa," alisema Koultoum, "na umwite Mama aje na jivu."